Kukarabati bafu na choo cha ndani Dar es Salaam: maswali ya gharama yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu bafu la kawaida la nyumba za Dar: chumba kimoja chenye choo, sehemu ya kuogea na beseni la kunawia, iwe Tabata, Mbagala au Mikocheni. Bei zote ni makadirio kwa vifaa vya daraja la kati. Kabla hujatoa hela, pita maduka mawili matatu uulize bei ya siku hiyo.

Kwa ujumla niandae shilingi ngapi?

Inategemea unataka kufika wapi. Ukiishia juu juu, yaani kubadilisha bomba zinazovuja, mfuniko wa choo, kioo, kujaza upya mistari ya marumaru na kupaka rangi dari, laki mbili hadi tano zinatosha. Ukibandua marumaru zote, ukaweka choo kipya, beseni jipya na mabomba mapya lakini kila kitu kikabaki mahali pake, panga milioni mbili hadi tatu na nusu. Ukihamisha choo, ukapasua jamvi (zege la sakafu), ukaweka hita, kioo cha kutenga sehemu ya kuogea na dari mpya, anzia milioni nne. Huko mbele mwamuzi ni mfuko wako.

Watu wengi huanzia kwenye picha walizoziona simuni na kukokotoa bei ya marumaru. Hesabu inayowaangusha iko chini ya marumaru hizo: mabomba, mteremko, na dawa ya kuzuia maji. Ukiniuliza hela ianzie wapi, ianzie huko. Kioo na shawa ya kifahari utanunua hata mwakani bila kumbomoa mtu ukuta.

Nipigie hesabu ya bafu moja, kitu kwa kitu.

Tuchukue chumba cha mita 1.5 kwa 2.4. Sakafu ni mita za mraba 3.6. Mzunguko wa kuta ni mita 7.8, ukipandisha marumaru hadi mita 2.1, usawa wa juu ya mlango, kisha ukatoa nafasi ya mlango wenyewe, unabaki na karibu mita za mraba 15. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya zitakazokatwa na kuvunjika. Ukuta utahitaji 16.5, sakafu 4.

Marumaru za ukutani za sentimita 30 kwa 60 mara nyingi huja vipande 8 kwa katoni, yaani mita za mraba 1.44, kwa hiyo unanunua katoni 12. Kwa elfu 30 katoni, hiyo ni 360,000. Za sakafuni, zile zenye mkwaruzo zisizoteleza, katoni 3 za mita moja na nusu: 90,000. Saruji mifuko 6 kwa 17,000 ni 102,000. Mchanga na kuuleta, 60,000. Dawa ya kuzuia maji 80,000. Unga wa kujazia mistari, spesa za kutenganisha marumaru na silikoni, 40,000. Mabomba ya maji safi na maji taka pamoja na viungo na koki, 250,000. Choo cha kukaa, seti nzima, 280,000. Beseni na bomba lake, 150,000. Shawa ya kawaida na mpira wa kutawazia, 90,000.

Hapo vifaa vimefika 1,502,000.

Ufundi sasa. Kubandika marumaru kwa 8,000 kila mita ya mraba, karibu 150,000. Fundi bomba, 250,000. Kubomoa pamoja na hela ya saidia fundi, 120,000. Kutoa kifusi, 60,000, na hiki ndicho kila mtu husahau mpaka rundo limekaa getini wiki nzima na mjumbe kaanza kuuliza. Jumla ya ufundi ni 580,000.

Zote pamoja ni 2,082,000. Tenga asilimia 15 ya dharura na utakuwa kwenye milioni mbili na laki nne. Hiyo ya dharura usimtajie fundi.

Mbona fundi mmoja kaniambia ufundi laki nne na mwingine milioni moja na nusu, kazi ileile?

Huenda si kazi ileile. Wa laki nne anaweza kuwa amepanga kubandika marumaru mpya juu ya zile za zamani na kuacha mabomba kama yalivyo. Wa milioni na nusu pengine amehesabu kubomoa, kupiga lipu upya, kuchana ukuta na kutoa kifusi. Waulize wote wawili maswali haya haya: utabomoa mpaka wapi? Mabomba ya ukutani unabadilisha yote? Saidia fundi ni juu ya nani? Kifusi nani anatoa? Majibu yakishafanana, ndipo ulinganishe bei.

Kuna pia bei ya sura. Fundi akiona geti la umeme na gari mbili uani, namba inabadilika kabla hajavua viatu. Ndiyo maana ufundi wa marumaru ni vizuri kukubaliana kwa mita ya mraba, si kwa kutazamana.

Kubandika juu ya marumaru za zamani si nafuu zaidi?

Ni nafuu siku hiyo. Inawezekana kwa gundi maalumu, ikiwa za zamani zimeshika vizuri na hakuna unyevu nyuma yake. Lakini bafu nyingi zinazokarabatiwa hapa mjini zinakarabatiwa kwa sababu zinavuja au zinanuka, na ugonjwa uko chini. Tena sakafu inapanda sentimita moja au mbili, mlango unagoma, na maji yanatafuta njia ya kwenda koridoni. Ukutani mkavu, sawa. Sakafuni, bomoa.

Ninunue vifaa mwenyewe au nimpe fundi hela?

Nunua mwenyewe, lakini nenda na fundi au na orodha yake. Mwachie fundi vile vidogo vidogo vya kukimbilia, kama tepu, elbo na misumari, na kila risiti ije. Si kwamba mafundi wote ni wezi. Ni kwamba duka humpa fundi chake kwa kuleta mteja, na chake hicho kimo ndani ya bei yako.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mbali na kodi, ndiyo itakayokusaidia kurudisha tanki la choo lenye ufa ulioonekana baada ya kufungua boksi. Na boksi la choo lifunguliwe palepale dukani, mbele yako.

Kariakoo au duka la jirani?

Kwa marumaru, choo na mabeseni, Kariakoo ina chaguo zaidi na mara nyingi bei ya chini. Kwa saruji, mchanga na viungo vya bomba, nunua mtaani kwako, maana usafiri utameza nafuu yote. Ukiwa Bunju au Chanika, piga hesabu ya kirikuu cha kubeba mzigo kabla hujafurahia punguzo la elfu mbili kwa katoni.

Marumaru zinazotengenezwa Mkuranga na Chalinze, hapo Pwani tu, zinafaa kabisa kwa bafu la nyumbani, na ukipungukiwa katoni mbili ni rahisi kupata za aina hiyohiyo kuliko zilizokuja na kontena moja na kuisha. Angalia jambo moja: pembeni ya katoni huandikwa namba ya rangi ya toleo. Katoni zote ziwe na namba moja. Zikichanganyika, dukani huoni tofauti, ila taa ya bafuni ikiwashwa ukuta unakuwa na mabaka.

Kuhamisha choo kunaongeza kiasi gani?

Kwenye nyumba ya chini, weka laki tano hadi milioni moja zaidi. Bomba la choo ni la inchi 4 na limezikwa chini ya jamvi. Kulihamisha ni kupasua zege, kuchimba hadi kwenye chemba, kulaza bomba kwa mteremko, kufukia, kumwaga jamvi upya na kusubiri likauke. Kila kona unayoongeza ni mahali pa kuziba siku za usoni.

Sababu inayotajwa sana ni kibla. Kutoka Dar, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo choo kilichotazama kaskazini au kuipa mgongo kaskazini ndicho kinachowakosesha waumini raha. Kabla hujapasua jamvi, muulize fundi kama choo kinaweza kugeuzwa robo mzunguko juu ya shimo lilelile. Ikiwa chumba kina upana wa kutosha na choo utakachonunua kinatoa uchafu kwa chini, mara nyingi inawezekana, na umeokoa laki kadhaa.

Hilo la chini au nyuma liangalie hata kama huhamishi kitu. Vyoo vingine hutoa uchafu kwa chini, vingine kwa nyuma ukutani. Pima umbali kutoka ukutani, baada ya marumaru, hadi katikati ya tundu la sakafuni, uende na namba hiyo dukani.

Bi mkubwa hawezi kuchuchumaa tena. Kubadilisha choo cha kuchuchumaa kiwe cha kukaa ni bei gani?

Sinki la kuchuchumaa limezikwa sakafuni, kwa hiyo hesabu ni ya kupasua: choo chenyewe, ufundi wa siku mbili tatu, saruji, na marumaru za kuziba kidonda. Laki sita hadi tisa ni makadirio ya haki. Chagua choo cha kimo cha juu kidogo, karibu sentimita 45 hadi kwenye kikalio, na ufunge vyuma viwili vya kushikia pale mkono wake unapofika akiwa ameketi. Vyuma hivyo vifungwe kwenye tofali kwa bolti ndefu. Vya kunata kwa mpira wa kunyonya usimwekee mzazi.

Naishi ghorofani. Kuna tofauti?

Kubwa. Chini yako kuna dari ya mtu. Dawa ya kuzuia maji hapa si hiari: inapakwa sakafu nzima na kupanda ukutani angalau sentimita 20, na sehemu ya kuoga mpaka juu ya kichwa, mikono miwili, wa pili baada ya wa kwanza kukauka. Ukiruka hatua hiyo kuokoa laki moja, utailipa kwa kupaka rangi sebule ya jirani.

Nguzo, boriti na zege la sakafu haviguswi. Fundi akisema atachimba zege kidogo ili bomba lipite, simamisha kazi umlete mhandisi. Tangu ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, sidhani kama kuna mtu wa mjini huyu anayehitaji kubembelezwa juu ya hilo. Zungumza pia na uongozi wa jengo mapema kuhusu saa za kugonga na njia ya kutolea kifusi, kwa sababu lifti haipendi mifuko ya mawe.

Nahitaji kibali cha manispaa?

Kubadilisha marumaru, choo na mabomba ndani ya chumba kilekile ni matengenezo. Ukiongeza chumba, ukabomoa ukuta unaobeba paa au ukachimba shimo jipya la maji taka, fika kwanza ofisi ya ujenzi ya manispaa yako. Ukiwa na shaka, anzia ofisi ya mtaa, watakuelekeza.

Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Inabadilisha bajeti?

Ndiyo, na Dar maji ya namna hiyo ni mengi. Chumvi inakula mabomba ya chuma kutoka ndani na kubandua ile rangi ya kung'aa kwenye bomba za bei poa. Tumia mabomba ya plastiki ya PPR yanayounganishwa kwa moto, si ya chuma. Bomba za kunawia nunua za shaba iliyopakwa: ziinue mkononi, ya shaba ni nzito, ya bati jepesi utaihisi mara moja. Tofauti ni elfu 20 hadi 40 kwa bomba moja, na bomba hilo utaishi nalo.

Shawa ya maji moto ya umeme inagharimu kiasi gani mpaka ifanye kazi?

Shawa yenyewe ni elfu 80 hadi laki moja na nusu. Kinachosahaulika ni waya. Shawa ya kilowati 5.5 inavuta karibu ampea 24. Inataka laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, waya wa milimita za mraba 6, swichi yake ya kukata na waya wa ethi unaofika ardhini kweli. Weka laki moja na nusu hadi mbili na nusu kwa kazi hiyo, kutegemea umbali. Anayekuambia tuunganishe tu kwenye soketi ya chumbani, mshukuru kwa muda wake.

Kuoga dakika 10 ni kama uniti moja ya umeme. Kwa nyumba inayolipa karibu shilingi 350 kwa uniti, watu watano wakioga kila siku ni karibu elfu 50 kwa mwezi. Wengi wakishapiga hesabu hiyo hurudi kwenye maji ya baridi, ambayo kwa joto la Januari hapa mjini wala si adhabu.

Halafu kuna nguvu ya maji. Kila mita moja ya kimo kati ya maji ya tanki na shawa inakupa sehemu moja ya kumi ya baa, kipimo cha nguvu ya maji. Tanki lililo mita tatu juu ya shawa linakupa 0.3 tu, na baadhi ya shawa za umeme haziwaki kwa nguvu hiyo. Soma kwenye boksi kiwango cha chini kinachohitajika. La sivyo utanunua na pampu. Ndivyo ilivyo pia kwa zile shawa pana za kwenye picha za hoteli: bila pampu zinadondosha manyunyu.

Niweke na tanki?

Kama huna, liwekee fungu. Waliokuwepo kwenye mgao wa maji wa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua, wanajua choo cha kuvuta bila akiba ya maji kinakuwaje siku ya pili. Hata ukiwa na tanki, acha koki moja ya chini bafuni ya kujazia ndoo.

Choo kinarudisha maji. Nikikarabati bafu kitapona?

Chunguza shimo kwanza. Sehemu kubwa ya jiji hutumia mashimo. Wenye mtandao wa maji taka wa DAWASA, kama Upanga, Kariakoo na katikati ya mji, ni wachache. Fungua chemba ya nje mtu akivuta maji ndani. Maji yakifika kwenye chemba na kusimama, tatizo liko mbele, shimoni. Yasipofika, bomba la kati limeziba. Shimo likijaa kila masika hata baada ya kunyonywa na gari, udongo umeshiba maji, na bafu jipya la milioni tatu halitalibadilisha. Hapo hela iende kwenye shimo. Na kutapisha shimo, yaani kuliachia uchafu utoke nje, wakati wa mvua si njia ya kuokoa gharama, uchafu wako unaingia kwenye kisima cha mwenzako.

Nyumba ina choo kimoja. Tutajisaidia wapi?

Kwa bafu la ukubwa tuliopigia hesabu, kazi kamili ni siku 10 hadi 14, lakini choo chenyewe kinaweza kuwa nje ya matumizi siku nne au tano ukipanga vizuri. Vifaa vyote viwe ndani ya nyumba kabla ya nyundo ya kwanza. Jirani mwema, choo cha uani, au kuwapeleka watoto kwa bibi yao: amua mapema, na kama kuna nauli na zawadi ya jirani, iingize kwenye bajeti. Nyumba ya wapangaji wanaochangia vyoo viwili, karabati kimoja kimoja.

Mimi ni mpangaji. Naweza kukarabati nikakatana kwenye kodi?

Kwa maandishi tu, yenye kiasi, miezi itakayokatwa na sahihi ya mwenye nyumba. Maneno ya kibarazani hayakai akifariki au akiuza.

Nimlipe fundi kwa utaratibu gani?

Kishika uchumba kidogo cha kuanzia, tuseme asilimia 20 ya ufundi. Asilimia 30 mabomba yakishajaribiwa, kabla hayajazibwa. Asilimia 30 marumaru zikikamilika. 20 iliyobaki, wiki moja baada ya kuanza kuoga humo. Fundi akitaka nusu siku ya kwanza, ujue kuna kazi ya mtu mwingine anataka kwenda kuimalizia kwa hela yako. Chakula cha mchana hamkukubaliana, si deni, ila siku ya zege hela ya soda hulainisha mambo.

Nitajuaje kazi ni nzuri kabla sijamaliza kulipa?

Usitegemee macho, marumaru zilizofutwa vizuri zinadanganya. Kabla sakafu haijabandikwa, ziba tundu la maji kwa kitambaa na mfuko, jaza maji kimo cha vidole viwili, chora mstari wa penseli ukutani usawa wa maji, uache hadi kesho. Maji yakishuka chini ya mstari zaidi ya upepo unavyoweza kuyakausha, kuna mahali yanapita.

Baada ya kubandika, chukua sarafu ya shilingi 200 ugonge marumaru moja moja, katikati na kwenye pembe nne. Iliyoshika inatoa mlio mfupi, mkavu. Iliyo wazi nyuma inalia kama debe. Hii hutokea fundi anapoweka mafungu matano ya mchanganyiko wa saruji nyuma ya kipande badala ya kusambaza kote, akiokoa saruji na muda. Ukutani moja mbili zinavumilika. Sakafuni, hasa unapokanyaga ukiingia, zing'olewe, kwa sababu maji yatakaa kwenye uwazi huo na kipande kitapasuka.

Mwisho mwaga ndoo nzima kwenye kona ya mbali na tundu na usimame utazame. Sentimita moja na nusu hadi mbili za mteremko kwa kila mita zinatosha maji yote kuondoka yenyewe. Kikibaki kidimbwi nyuma ya choo, fundi hajamaliza, na utakuwa unakipiga fagio kila asubuhi.

Hela haitoshi. Naweza kufanya kidogo kidogo?

Unaweza, ukifuata mpangilio wa kwenda juu: mabomba, lipu na kuzuia maji kwanza, sakafu, kisha ukuta wa sehemu ya kuogea. Kuta nyingine zinaweza kukaa na rangi ya mafuta mwaka mzima bila madhara. Beseni, kioo na kabati ni za mwisho. Nunua marumaru zote mara moja lakini, hata kama nusu utazihifadhi chini ya kitanda, kwa sababu ya ile namba ya rangi.

Katoni iliyobaki nimpe fundi?

Ataiomba. Ibaki na wewe, siku bomba la ukutani likipasuka utazihitaji hizo hizo.